Pumba za Ubaruku na Kisima Kinachovuja

Katika kila kilo 100 za mpunga zinazoingia kwenye mashine za kukoboa za Ubaruku, mkoani Mbeya, karibu kilo 20 hutoka zikiwa pumba. Baadhi hutumika kuchomea matofali, nyingine huteketezwa tu. Wachorongaji wa mafuta na gesi hununua kitu hichohicho kikiwa kimesagwa, na kabla hatujaanza kuota soko, tuelewe wanakitumiaje.

Kisima cha gesi huchorongwa kwa tope: maji, udongo wa bentonaiti na madini mazito ya baraiti. Tope husukumwa chini kupitia ndani ya bomba, hutokea kwenye keekee, kisha hupanda nje ya bomba likibeba chenga za mwamba. Uzito wake ndio unaoizuia gesi isifyatuke. Keekee ikikuta mwamba wenye nyufa, tope hutorokea humo, kimo chake kisimani hushuka, mgandamizo hupungua na gesi hupata upenyo wa kupanda.

Hapo ndipo pumba huingia. Husagwa kwa saizi mbalimbali na kuchanganywa na tope. Vipande vikubwa hukwama mdomoni mwa ufa, vya kati hujibana kati ya hivyo, unga humalizia mianya. Silika, ambayo ni asilimia 15 hadi 20 ya pumba, pamoja na lignini, huzipa ugumu na kuzifanya zichelewe kuoza. Kazi yote iko kwenye saizi. Kanuni ya Abrams ya mwaka 1977 inataka chembe za wastani zisipungue theluthi moja ya upana wa tundu linalozibwa. Zikiwa ndogo mno hupita na tope. Zikiwa kubwa mno huziba matundu ya keekee yenyewe. Marekani ilitoa hataza ya mchanganyiko wa namna hii, wenye mabaki ya mpunga yaliyosagwa, mwaka 1992.

Pumba ni kitu cha kuoza, lakini si kila kinachooza ni salama kwa mazingira. Wanga wa mahindi hutiwa kwenye tope ili maji yasichujikie mwambani, nao huchacha upesi kwenye joto. Ili usichache, tope hujazwa chumvi au dawa ya kuua bakteria. Ukishatia sumu ili kitu kisioze, sifa ya kuoza umeifuta mwenyewe, na tope hilo lazima litupwe mahali fulani. Pumba kavu haziharibiki upesi namna hiyo, na kwangu hilo ndilo linalozipa uzito.

Zina mpaka wake pia. Kwenye tabaka lenye gesi hazifai, kwa kuwa asidi haiziyeyushi. Zingeziba njia ambazo gesi inapaswa kupitia. Huko hutumika kalsiamu kaboneti, inayoyeyuka kwa asidi.

Tanzania iligundua gesi Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, lakini mteja wa karibu zaidi na Ubaruku huenda akawa jotoardhi, ambayo nayo huchorongewa visima: Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania (TGDC) inaendeleza mradi wa Ngozi, Mbeya, kwenye miamba ya volkano, ambayo kwa kawaida ina nyufa nyingi. Wenye mashine waanze kwa kuzikusanya pumba juu ya turubai, kwa sababu mchanga ukichanganyika nazo hula pampu za tope. Na TGDC ipime sampuli zao, unyevu na saizi, kabla ya kuagiza dawa ya kuzibia kutoka nje.