Milimita Moja kwa Siku

Muundi ukisagika kwa ajali na usaha ukaingia ndani ya mfupa, daktari hana budi kukata sehemu yote iliyokufa. Linabaki pengo, tuseme la sentimita 6, ambalo plasta haiwezi kuliziba hata ikikaa mwaka.

Aliyepata njia ya kuliziba ni daktari Gavriil Ilizarov, aliyemaliza masomo mwaka 1944, akapelekwa kutibu wanavijiji wa Kurgan, Siberia. Huko, katika miaka ya 1950, aliunda fremu ya pete za chuma zinazouzunguka mguu, zikishikwa na nyaya nyembamba zinazopenya mfupa na kukazwa kama spoki za baiskeli. Inasimuliwa kwamba mgonjwa mmoja alizungusha nati kinyume, akavuta badala ya kubana, na mfupa mpya ukaota katika nafasi iliyoachwa. Huenda simulizi imeongezwa chumvi. Kanuni iliyotokana nayo haijaongezwa.

Mpasuaji hukata mfupa mahali penye afya, mbali na pengo, akichunga utando wake na mishipa ya damu. Husubiri siku 5 hadi 7. Kisha kipande kilichokatwa huanza safari ya kuvuka pengo: milimita 1 kwa siku, tena kwa robo robo, mara nne. Ukiharakisha, mfupa hauoti na neva zinaumia. Ukichelewa, unaganda kabla ya wakati. Siku 60 za kuvuta, halafu fremu hubaki mara mbili ya muda huo au zaidi, hadi mfupa mchanga ukomae.

Ninachokihusudu ni spana inayozungusha nati. Hukabidhiwa mgonjwa, au mama yake, aende nayo nyumbani. Ni fundi gani mwingine humwachia mteja nusu ya kazi na bado ikatoka sawa?

Wapo mafundi wengine. Tangu 1975 wapo wanaohamisha mfupa mwembamba wa pembeni ya muundi pamoja na mishipa yake, wakiishona chini ya hadubini. Mfaransa Masquelet naye alibuni njia ya kujaza pengo kwa simenti ya kitabibu; baada ya wiki 6 hadi 8 mwili unakuwa umeifunika kwa utando wenye damu. Simenti hutolewa, na mfukoni humo hupakiwa mfupa uliosagwa kutoka nyonga. Ujanja mtupu!

Hata hivyo moyo wangu uko Kurgan. Valery Brumel, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu mwaka 1964, alivunjika mguu kwa pikipiki mwaka uliofuata; operesheni nyingi zilishindwa, Ilizarov akamrudisha kuruka. Wodi zetu zilizojaa majeruhi wa bodaboda zinaielewa habari hiyo, na pete, tofauti na dawa nyingi ghali, hutakaswa zikatumika tena.

Wanaoisifu njia ya Ilizarov huruka jambo moja. Kipande kikifika ng'ambo, mara nyingi ncha hazishikani, kwani nyama ya kovu imeingia kati. Daktari hufungua tena, akazikwangua hadi zitoke damu, akaongeza mfupa kidogo. Na matundu ya nyaya yanataka kusafishwa kila siku, yakiuma.