Gemu Yangu ya Mwaka 2024: Hadithi Aliyoiacha Baba

Kila Desemba huwa nawacheka waandishi wenzangu wanaopanga orodha. Kitabu bora cha mwaka, albamu bora ya mwaka, goli bora la mwaka. Safari hii nimenaswa na mimi. Mwenzangu mmoja kazini, anayejua kwamba usiku nikishamaliza habari za watu nakaa kucheza, aliniuliza tukiwa kwenye chai: "Dada, katika magemu yote ya kompyuta ya mwaka huu, wewe umeipenda ipi?" Nikafungua mdomo, nikaufunga. Nilikuwa na majibu mawili na yalikuwa yanagombana.

La kwanza lilikuwa gemu bora. La pili lilikuwa gemu ninayoipenda. Sisi wasomaji tunaijua tofauti hiyo vizuri tu: kuna kitabu unachokisifia mbele za watu, na kuna kitabu kinacholala karibu na mto wako.

Niseme kwanza nachezea wapi. Ni Nkuhungu, hapa Dodoma, kwenye kompyuta ya mtumba ambayo feni yake ikianza kazi unadhani jirani kawasha mashine ya kusaga. Bando nalipigia hesabu kama unga. Mtu wa hali hii hababaishwi na picha za matangazo. Anauliza kwanza: inakula GB ngapi?

Kwa kipimo hicho, Balatro ilinishika mapema. Ilitoka Februari 20, imetengenezwa na mtu mmoja anayejiita LocalThunk, na haifiki hata GB moja. Inachukua karata za poka, inakupa majokeri yanayopindisha hesabu, kisha inakuacha utafute mwenyewe namna ya kufikia pointi ambazo mwanzoni zilionekana ndoto. Nimeicheza kuliko gemu nyingine yoyote mwaka huu. Umeme ukikatika naendelea na betri, mpaka betri nayo iseme basi. Kama swali ni gemu ipi imeundwa kwa akili zaidi, nasema Balatro na sibishani na mtu. Lakini haina kisa. Ukiizima, imezimika. Sijawahi kuamka alfajiri nikimuwaza jokeri.

Halafu kuna Black Myth: Wukong ya studio ya Kichina, Game Science, iliyotoka Agosti 20. Hii inataka nafasi ya GB 130 na kompyuta ya watu wenye nazo, kwa hiyo niliichezea kwa rafiki yangu anayekaa Area C, wikiendi tatu, na sikuimaliza. Siwezi kuhukumu kitabu nilichokifunga katikati, ila kuna jambo moja nililiona. Gemu ile imetoka ndani ya riwaya ya Kichina ya karne ya 16, ile ya nyani anayemsindikiza mtawa kwenda magharibi kutafuta maandiko. Walioitengeneza hawakuhangaika kumfafanulia mgeni kila jina. Mgeni ataelewa njiani, au hataelewa. Na wageni walikuja: ndani ya siku tatu ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 10.

Nilirudi Nkuhungu kwa bodaboda nikimuwaza Fumo Liyongo. Shujaa tunaye, utendi tunao, na kisa chenyewe kina usaliti mzito kuliko wowote, maana anayemuua Liyongo ni mwanawe wa kumzaa. Mtengenezaji gemu angetaka nini zaidi? Lakini gemu ya Liyongo hatuna. Mwaka huu tulichokipata ni kitu kingine, kimetoka upande ambao sikuutarajia.

Kinaitwa Tales of Kenzera: ZAU. Kilitoka Aprili 23, kazi ya Surgent Studios ya Uingereza. Aliyeianzisha studio hiyo ni mwigizaji Abubakar Salim, mzaliwa wa Uingereza mwenye asili ya Kenya. Wapenzi wa magemu wanaijua sauti yake tangu 2017, alipomwigiza Bayek katika Assassin's Creed Origins. Baba yake, ambaye ndiye aliyemwingiza kwenye magemu, alifariki mwaka 2013. Gemu hii ni jibu la msiba ule, na Salim hakulificha hilo. Ilipotangazwa kwa mara ya kwanza, Desemba 2023, alisimama jukwaani akamzungumzia baba yake mbele ya dunia nzima.

Kisa chenyewe ni hadithi ndani ya hadithi. Katika mji uitwao Amani, kijana Zuberi amefiwa na baba. Baba amemwachia hadithi aliyoiandika mwenyewe, na Zuberi anapoanza kuisoma, sisi tunaingia humo kama Zau, mganga kijana ambaye naye amefiwa na baba. Zau anamwita Kalunga, mungu wa mauti, na kumpa masharti: nitakuletea roho kubwa tatu zilizokukimbia, wewe unirudishie baba yangu. Ana vinyago viwili, cha Jua kwa kupigana karibu na cha Mwezi kwa kupiga kwa mbali, na unavibadilisha hapohapo katikati ya vita.

Nililipa kama elfu hamsini za kwetu. Mdogo wangu akaipakua akiwa Dar, akaniletea mafaili kwenye diski ya nje alipokuja kwa treni ya umeme. Sasa, kabla sijaisifia, acha niikosoe. Nimechoka na uhakiki wetu wa kupongeza kitu kwa sababu tu ni cha kwetu.

Kwanza, vita vyake vinajirudia. Ukishakutana na aina chache za maadui umekutana nao karibu wote, na kinachobaki ni wao kuja wengi zaidi. Kuruka na kupanda kuta kunanoga, ila gemu ni fupi: jioni nne nilikuwa nimeimaliza.

Pili, na hili linanihusu zaidi kama msomaji, inatangazwa kuwa imejengwa juu ya visasili vya Wabantu. Kalunga ni sawa, anajulikana kwa Wakongo na jamaa zao mpaka Angola. Impundulu, ndege wa radi, ni wa Waxhosa na Wazulu, naye sawa. Lakini GaGorib ni wa Wakhoikhoi, na Wakhoikhoi si Wabantu. Kikiyaon, yule kiumbe mwenye umbo la bundi, anatoka Senegambia, huko mbali kabisa. Kukopeshana hadithi si dhambi, watambaji wamekopeshana tangu zamani. Tatizo ni kibandiko. Ukimweka Mkhoikhoi chini ya jina la Mbantu umemfuta, na sisi tunaolalamika kwamba dunia inaiona Afrika kama kijiji kimoja hatuna haki ya kunyamaza mwenzetu akifanya hivyohivyo.

Tena GaGorib wa masimulizi ana ujanja wake. Anakaa ukingoni mwa shimo na kuwachokoza wapita njia wamrushie jiwe. Jiwe linamgonga, linarudi kwa aliyelirusha, na huyo ndiye anayetumbukia. Kwenye gemu amekuwa jitu la kupigana nalo mpaka liishiwe nguvu. Uhondo wote wa hadithi ile ulikuwa kwenye jiwe, na jiwe limeachwa.

Basi kwa nini naipenda?

Sababu ya kwanza ni neno moja. Gemu hii unaweza kuicheza kwa sauti za Kiswahili mwanzo hadi mwisho. Katika Kiingereza chake Zau anasema "Baba" vilevile, lakini huko neno hilo limekaa kama shanga, linamkumbusha msikilizaji kwamba hapa ni Afrika. Nilipobadilisha kwenda Kiswahili, shanga ikadondoka. Likabaki neno linalosikika kila nyumba ya mtaa wetu, la mtoto anayeomba hela ya daftari. Mtoto wa kaka yangu, mwenye miaka tisa, alikuwa amekaa mkekani nyuma yangu. Akasema: "Shangazi, kumbe huyu anaongea Kiswahili?" Alisema kama mtu aliyemkuta mwalimu wake sokoni akinunua nyanya. Akasogea karibu, na hakuondoka mpaka alipofukuzwa kwenda kulala.

Sababu ya pili inabidi niieleze taratibu.

Baba yangu alifariki mwaka jana. Nyumba yenye mwandishi wa habari haihangaiki kutafuta mtu wa kuandika wasifu wa marehemu. Wenzangu walikuwa wanafunga turubai, shangazi zangu wako jikoni, mimi nimepewa karatasi na kuambiwa, "Wewe ndiyo kazi yako." Nikaandika ukurasa mmoja na nusu. Alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alihamishwa, alistaafu, ameugua, ameacha mjane, watoto na wajukuu. Nikaufunga kwa ule mstari wa Ayubu ambao kila wasifu unaufunga nao. Ulisomwa makaburini, watu wakasema umeandikwa vizuri. Nikaenda kusimamia maji na soda. Siku zote za msiba sikukaa peke yangu hata dakika kumi, na sikulia. Hakukuwa na nafasi.

Nilipoanza kucheza Zau, nilikuwa na lawama tayari. Niliona ni msiba wa Kizungu: kijana anatembea peke yake, hakuna mkeka, hakuna majirani, hakuna mama mkubwa wa kumlazimisha anywe uji. Sisi hatuombolezi hivyo. Nilishaanza hata kuiandika sentensi hiyo kichwani kwa ajili ya makala haya.

Halafu nikafika kwenye mibuyu. Humo njiani kuna mibuyu ambayo Zau akiifikia anakaa chini, anapumzika, anasema kilichomjaa moyoni, Kalunga yuko naye. Hakuna wa kupigana naye. Ukimaliza, uhai wako unaongezeka kidogo. Kwa mtu wa Dodoma mbuyu si pambo. Ukishika njia ya Iringa kupitia Mtera utaiona imesimama kila upande, na baba alikuwa na tabia ya kusimamisha gari chini ya mmojawapo ili tule mihogo tuliyobeba. Hilo halikuwemo kwenye wasifu. Niliandika mwaka aliostaafu, nikaiacha mihogo.

Niliweka pedi chini. Mtoto akaniuliza, "Shangazi, umekufa?" Kwenye gemu, alimaanisha. Nikamwambia hapana, napumzika.

Msiba wetu una watu wengi, na hilo ni jema, sitaki abadilishe mtu. Lakini ule wingi unaubeba mwili wa mfiwa, unamlisha na kumlaza. Mazungumzo yake na marehemu hayamo kwenye ratiba ya kamati. Gemu hii imeniwekea mazungumzo hayo. Kile nilichokiita kasoro ndicho nilichokuwa nakihitaji.

Na jambo hili fasihi yetu imelijua zamani. Karibu mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utendi. Hakumwachia orodha ya tarehe, alimwachia sauti ya kuishi nayo. Tunabishana darasani juu ya mafunzo yake kuhusu mke na mume, na tuendelee kubishana. Lakini umbo lenyewe, la mzazi anayejua anaondoka na anayeacha maneno yaliyopangwa ili mtoto ayarudie, ndilo umbo la Zau. Tofauti ni kwamba Mwana Kupona alitoa wosia, baba wa Zuberi ametoa hadithi, na hadithi haimwambii mtoto afanye nini. Inamtembeza mpaka aone mwenyewe. Anaona nini, sitasema. Mwisho ule ni wa kila mtu kuufikia kwa vidole vyake.

Kwenye tuzo kubwa za Desemba 12, Zau ilitajwa kundi la gemu zenye ujumbe kwa jamii, ikashindwa na Neva. Gemu ya mwaka ikawa Astro Bot, ambayo ni ya PS5 tu, kwa hiyo mimi na kompyuta yangu haituhusu. Julai, studio ya Salim ilipunguza wafanyakazi zaidi ya kumi. Kwa hiyo sijui kama tutaona nyingine, na hilo linaniuma, maana kosa la kibandiko lilihitaji gemu ya pili ya kulirekebisha.

Nimemjibu mwenzangu wa kazini. Iliyoundwa vizuri zaidi: Balatro. Ninayoipenda: Zau, pamoja na vita vyake vinavyojirudia na jiwe lake lililopotea. Akaniuliza kama si upendeleo kwa sababu ya Kiswahili. Nikamwambia upendeleo upo, lakini Kiswahili kilinifungulia mlango tu. Kukaa humo ndani kulikuwa kwa sababu nyingine.

Jumapili iliyopita niliutafuta ule wasifu, uko kwenye faili pamoja na risiti za turubai. Nimegeuza karatasi ya pili, nusu yake ilikuwa tupu. Nimeandika habari ya mihogo.