Kipimo cha Mgeni

Fundi anayeijua kazi yake haanzi na meza, anaanza na chaki. Akikabidhiwa chumba kitupu cha kugeuzwa mgahawa, anapiga magoti na kuchora sakafuni: hapa meza, hapa kiti kikiwa kimesogezwa nyuma, hapa mlango ukiwa wazi, hapa mtu amesimama ananawa. Mwenye mali yuko pembeni anahesabu vichwa. Mchoro ukiisha, fundi anamkabidhi sinia lenye mabakuli yaliyojazwa maji hadi ukingoni na kumwambia, "Bosi, hebu toka jikoni uende mpaka meza ile ya kona, usikanyage mstari." Maji yakimwagika, meza moja inafutwa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Chumba cha mita 8 kwa 5 kina mita za mraba 40. Kila mlaji akipewa mita moja na nusu, kwa maana ya kiti chake, sehemu yake ya meza na fungu lake la njia, watakaa watu 26. Mwenye mali alikuwa na 40 kichwani. Kuanzia hapo kazi ya fundi ni kuutetea ule upungufu wa watu 14, na utetezi wake wote uko kwenye utepe wa kupimia.

Kinachonivutia katika kazi hii ni kwamba kila kipimo chake kizuri kina zamu mbili. Chukua njia ya sentimita 90 kati ya migongo ya viti. Siku ya kawaida inampitisha mhudumu na supu ya moto bila kumpiga mtu kikumbo, na mzee mwenye kiti cha magurudumu anapita hapohapo bila watu kuanza kunyanyuka na kuvuta viti. Siku ya moto, njia hiyohiyo ndiyo inayotoa watu nje. Aliyepima kwa ajili ya ukarimu amekwisha kupima kwa ajili ya uhai, na gharama ni ileile.

Mlango unaonyesha jambo hili kuliko kitu kingine chochote. Tarehe 28 Novemba 1942, mjini Boston, Marekani, ukumbi wa chakula na muziki ulioitwa Cocoanut Grove uliungua na watu 492 wakafa. Mlango mkuu ulikuwa wa kuzunguka. Umati ulipousukuma kwa pamoja, ukakwama. Milango mingine ilikuwa imefungwa, au ilifunguka kwa ndani, na mlango unaofunguka kwa ndani haufunguki tena watu wakishaurundikia. Baada ya msiba ule kanuni zilibadilishwa: mlango wa kuzunguka uwe na mlango wa kawaida ubavuni, unaofunguka kuelekea nje.

Kwetu milango ya kuzunguka ni michache. Adui zetu ni kufuli na nondo. Mlango wa nyuma hufungwa kwa sababu mwenye hoteli anaogopa mteja atakula na kuchomoka bila kulipa, au mfanyakazi atapitisha kilo mbili za nyama. Hofu hiyo ina msingi, na fundi mzuri haibezi, anaitafutia dawa kwenye ramani. Anaisogeza kaunta ya malipo mpaka mahali ambapo aliyekaa nyuma yake anaona milango yote miwili bila kugeuza shingo. Kwenye mlango wa nyuma anaweka komeo la ndani linalofunguka kwa mkono mmoja bila ufunguo. Mwizi anaonekana, na mlango umebaki mlango. Kaunta ikisogea hatua mbili, kufuli linakosa kazi.

Jikoni nako kunadai akili ya namna hiyo. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini, inatambaa sakafuni na kutulia mabondeni, chini ya meza, ndani ya mfereji wa maji. Kwa hiyo tundu la hewa lililo juu ya dirisha linasaidia moshi na joto tu. Fundi anayejua anatoboa matundu mengine chini kabisa, karibu na sakafu, na mitungi anaitoa nje, wima, ndani ya kizimba cha nondo chenye kivuli. Mpira wa gesi anaupitisha mbali na ndimi za moto. Koki ya kufungia anaiweka karibu na mlango, ili mpishi anayekimbia aifunge huku akitoka, asilazimike kurudi kwenye moto kuitafuta.

Karai la chipsi halikai jirani na sinki. Maji yakiingia kwenye mafuta yanayochemka hugeuka mvuke papo hapo na kuyarusha mafuta yale juu, na kama yalishashika moto, moto unafika darini. Blanketi la kuzimia moto linatundikwa kwenye njia ya kutokea, kamwe si ukutani juu ya jiko, kwa sababu hakuna mkono utakaopita katikati ya moto kulifuata. Juu yake, kwa rangi, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji: 114. Haya yote yakipangwa mapema yanaongeza gharama kidogo sana. Yakisahauliwa, kuyarudia kunataka kubomoa.

Hata uchafu una njia yake. Nyama mbichi na samaki huingia kwa nyuma, vinaoshwa, vinakatwa, vinapikwa, vinapakuliwa, daima kwa kusonga mbele. Sahani chafu zinarudi kwa upande mwingine. Mahali ambapo ndoo ya mabaki inapishana na sinia la wali uliokwisha kupakuliwa ndipo tumbo la mteja linapoharibikia. Moshi nao una njia yake: kwenye nyumba kongwe za mawe za Lamu jiko liliwekwa juu kabisa, ili joto na moshi visiwasumbue watu vyumbani. Kwenye hoteli za ufukweni zilizoezekwa makuti, waangalifu hujenga jiko kando, chini ya bati au zege, maana makuti yanapoza vizuri lakini cheche moja inatosha.

Meza sasa. Seremala wa Keko, Dar es Salaam, hahitaji karatasi kukutajia: meza sentimita 75 kutoka sakafuni, kiti 45, na zile 30 zinazobaki ni za mapaja. Zikipungua, mtu mnene anakaa upande. Zikizidi, mla ugali ananyanyua bega kila tonge, na anachoka kabla hajashiba. Upana ni sentimita 60 kwa kila mlaji, na kwa chakula cha mkono ningeongeza kidogo, kwa sababu kiwiko cha mtu anayechambua samaki kinataka uwanja kuliko kiwiko cha mtu mwenye uma.

Ila namba hizi anazo kila mtu. Ufundi unaonekana meza inapofika mahali pake. Sakafu za hoteli zetu huoshwa kwa maji, hivyo zinalazwa kidogo kuelekea kwenye tundu la kutolea maji. Meza yenye miguu minne iliyonyooka kabisa karakanani itachezacheza pale, na jioni utaona boksi la kiberiti limekunjwa chini ya mguu mmoja. Fundi mzembe anailaumu sakafu. Aliyebobea anaileta meza ikiwa na miguu mirefu kupita kiasi, makusudi. Anaiweka palepale itakapokaa, anaweka pima maji juu ya ubao, anaingiza vipande vyembamba vya mbao chini ya miguu mpaka kiputo kitulie katikati. Kisha anachukua kipande kidogo cha ubao, anakilaza sakafuni, juu yake analaza penseli, na kuizungusha kwenye kila mguu. Mstari unaotokea unaifuata sakafu ilivyo, mteremko wake na makovu yake. Anakata kwa msumeno kwenye mstari. Meza inakaa kimya. Kuanzia siku hiyo ina mahali pake, na fundi anaandika namba chini ya ubao ili wafagizi wasiibadilishe na ya jirani.

Kiti nacho kina mtihani wake. Mninga ukipigwa randa na msasa unang'aa juu, lakini kinachochana nguo kiko chini na pembeni, mahali macho hayafiki. Ndiyo maana mafundi makini hupitisha kitambaa chepesi, kipande cha buibui au kanga kuukuu, kwenye kila ukingo, kila kona, chini ya kalio la kiti, kwenye vichwa vya skrubu. Kitambaa kikinasa, msasa unarudi. Ukingo wa mbele wa kiti unalainishwa mpaka uwe wa mviringo, kwa sababu ukiwa mkali unabana damu nyuma ya mapaja na mteja ananyanyuka mapema bila kujua kilichomwinua.

Pwani tulirithi kiti kingine ambacho ningetamani wabunifu wasikisahau: baraza. Kibaraza cha mawe na chokaa kilichofuata ukuta hakipinduki, hakiibiwi, hakikwaruzi sakafu. Mtoto hawezi kukiangusha. Kinaokoa nafasi, kwa sababu hakivutwi nyuma mtu anaponyanyuka. Tena kinamuweka mgeni mgongo ukutani na uso mlangoni, na watazame wateja wanavyoingia: karibu wote wanaanza kujaza kuta, meza ya katikati inabaki mwisho. Anayejenga baraza kuzunguka chumba amempa kila mgeni kile ambacho angekigombania.

Ukarimu wa pwani una mahitaji yake mengine, na fundi wa huku anayauliza kabla ya kuchanganya saruji. Kutakuwa na sehemu ya familia? Mama aliyevaa nikabu hawezi kula mbele ya macho ya barabara nzima, kwa hiyo panatengwa vyumba vidogo vyenye pazia, na pazia lile linafika chini lakini haliburuzi, lisijikunje miguuni mwa mhudumu. Kibla je? Makka iko karibu katika longitudo moja na miji yetu, hivyo kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam kibla kiko kaskazini, na choo, kisielekee huko, kinageuziwa mashariki au magharibi. Ngazi je? Kipandio kimoja cha sentimita 15 mlangoni ni ukuta kwa mwenye kiti cha magurudumu. Mteremko unaofaa ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo, kwa hiyo kipandio hicho kinataka mteremko wa mita 1.8. Mwenye mali akilalamika kwamba unakula veranda, akumbushwe kwamba pia ndio utakaopitisha magunia ya mchele na mitungi ya gesi.

Kisha sehemu ya kunawia, ambayo kwetu ndiyo kizingiti halisi cha mlo. Sinki la watu wazima kimo chake ni kama sentimita 85, na la watoto liwe chini zaidi, kando yake. Bomba liwe la wenzo mrefu, la kusukuma kwa kiwiko. Anayekuja kunawa kabla ya kula anaweza kushika bomba lolote, lakini akirudi baada ya samaki wa kupaka mkono umejaa mchuzi, na bomba la kuzungusha litabeba mchuzi wa kila aliyemtangulia. Sakafu ya hapo iwe na vigae vya kukwaruza. Vigae vinavyong'aa vinapendeza dukani, na vikilowa vinavunja nyonga.

Mwanga ni nusu ya mapishi. Kwenye boksi la balbu pameandikwa namba: 2700K ni mwanga wa manjano, wenye joto, 6500K ni mweupe wa kibuluu, unaofaa jikoni ambako mpishi anatafuta jiwe kwenye mchele. Pilau chini ya mwanga mweupe wa kibuluu inaonekana imelala tangu jana. Taa ya kuning'inia ikae kama sentimita 80 juu ya meza, imulike sahani na isichome macho. Taa yoyote isiwekwe juu ya feni hata kidogo, maana mapanga yataukata mwanga na meza nzima itakuwa inapepesa mpaka mtu aumwe kichwa. Juu ya kila mlango wa kutokea iwekwe taa yenye betri, inayowaka yenyewe umeme ukikatika.

Na sauti. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alionyesha kwamba mtu akizungukwa na kelele hupandisha sauti bila kujitambua. Chumba cha vigae, vioo na dari ngumu kinarudisha kila neno. Meza ya kwanza inapaza sauti, ya pili inajibu, na kufikia saa saba mchana watu wanapigiana kelele kuulizana chumvi. Dawa yake inauzwa sokoni: mikeka iliyowambwa darini, mapazia mazito, mito kwenye baraza. Mhudumu atasikia aliyeomba maji, na siku mtu akipiga ukunga jikoni, chumba kizima kitausikia.

Mteja akishakula atamsifu mpishi. Sijawahi kumsikia mtu akisema, "Leo nimepita vizuri kati ya meza," na sidhani mafundi wenyewe wanalisubiri neno hilo. Lakini kuna mtu mmoja anayepaswa kuyaona haya, naye ni mwenye mali, kwa sababu ndiye anayeshawishika kila mwezi kuongeza meza mbili pale kwenye njia. Mgeni njoo mwenyeji apone, tunasema. Basi mwenyeji na ajue kwamba nafasi ile tupu anayoiona kama hasara inamlipa kila siku. Mgeni anakaa kwa raha na anarudi na wenzake. Nafasi hiyo imeshafanyiwa hesabu, na jibu lake ni watu 26.