Turbini Ileile, Kabati Jipya

Turbini ya gesi aina ya Frame 9E ya General Electric haizeeki kwa urahisi. Vipuri vya sehemu ya moto hubadilishwa saa zake zikitimia, rota hutolewa ikakaguliwa na kurudishwa, na shafti inaendelea kuzunguka mara 3,000 kwa dakika kama ilivyozunguka siku ya kwanza. Kinachochoka mapema ni kabati lililo kwenye chumba cha udhibiti, lenye kadi za elektroniki zinazoamua gesi iingie kiasi gani. Kwa mitambo mingi iliyofungwa miaka ya 1990, kabati hilo ni Speedtronic Mark V, na anayechukua nafasi yake mara nyingi ni Mark VIe wa kampuni hiyohiyo.

Wanaopanga bajeti huiona kazi hii kuwa ya kompyuta. Kwa maoni yangu kompyuta ndiyo sehemu nyepesi. Jasho linamwagika kwenye kujua mtambo umekuwa ukiendeshwaje hasa, kwa sababu michoro, faili na mtambo wenyewe ni nadra kuafikiana.

Kabati kuukuu lenyewe linastahili heshima. Joto linaloamua uhai wa turbini ni lile la gesi inapopiga mapanga ya kwanza, zaidi ya nyuzi 1,100 za Selsiasi, mahali ambapo hakuna kipimajoto cha kudumu. Mark V hailipimi joto hilo, bali hulikokotoa. Themokapo 24 zimepangwa duara kwenye njia ya moshi: nane zinasomwa na prosesa iitwayo R, nane na S, nane na T. Masomo yasiyoaminika yanatupwa, yanayobaki yanatolewa wastani, na wastani huo unapimwa dhidi ya presha ya hewa inayotoka kwenye kompresa. Presha ikipanda, joto la moshi linaloruhusiwa linashuka. Kisha programu ya kuwasha, ya kuongeza kasi, ya kushika kasi na ya kuzuia joto kila moja inataja kiasi cha mafuta inachotaka, na inayotaja kidogo kuliko zote ndiyo inayosikilizwa. Uamuzi wowote mzito hupigiwa kura na prosesa tatu. Moja ikiugua, mbili zinaishinda, na fundi anabadilisha kadi mtambo ukiendelea kuzalisha.

Kwa nini basi liondoke? Kapasita za vifaa vya umeme hukauka. Kadi mpya hazitengenezwi tena, hivyo kituo hununua zilizong'olewa kwenye mitambo iliyostaafu, na hakuna anayejua zimepitia joto gani. Kompyuta ya mwendeshaji katika makabati ya mwanzo ilitumia DOS, na mtandao wake ni ARCNET, ambao vijana wa leo hawajawahi kuusikia. Hapa Tanzania gesi ya Songo Songo ilianza kufika Ubungo mwaka 2004, na Kinyerezi ikafuata zaidi ya miaka kumi baadaye. Mitambo ya huko si Frame 9E, lakini elektroniki zake nazo zinahesabu miaka.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kung'oa kabati lote na kusimamisha jipya. Ya pili ni kuacha ganda la kabati, bodi za kuungia nyaya na nyaya zote zinazotoka kwenye mtambo, kisha kubadilisha elektroniki peke yake. Mimi ni wa njia ya pili, kwa sababu moja tu: turbini kama hii ina mamia ya nyaya, na kila uliofunguliwa unaweza kurudishwa pasipo pake. Lakini sharti nyaya ziwe nzima. Zinazopita karibu na njia ya moshi hukaangwa kwa miaka mpaka ganda lake linavunjika ukiukunja waya, kwa hiyo zipimwe insulesheni kwa mega, zikiwa zimetenganishwa na kadi, kabla ya mkataba kusainiwa. Kituo kinachofanya kipimo hicho baada ya kusaini kinajitafutia madai ya malipo ya ziada.

Halafu kuna thamani za mipangilio, na hapa ndipo kazi hizi hukwama. Kila kikomo cha joto, kila muda wa kusubiri, kila kiwango cha mtetemo cha kuzimia mtambo ni namba iliyoandikwa kwenye faili ndani ya kompyuta ya mwendeshaji. Faili hilo hupakiwa kwenye kumbukumbu ya kudumu ya kila prosesa, na kabati likiwashwa, namba hunakiliwa kwenye kumbukumbu ya kazi. Mark V humruhusu mhandisi kubadilisha namba kwenye skrini mtambo ukiwa kazini, lakini badiliko hilo linakaa kwenye kumbukumbu ya kazi tu. Halijiandiki kwenye faili. Kabati likizimwa, namba ya zamani inarudi.

Sasa fikiria mtambo uliokaa miaka na marekebisho ya namna hiyo, baadhi yakihifadhiwa vizuri, mengine yakiachwa yaning'inie. Anayechukua faili na kulipeleka kwa mkandarasi anampa turbini ya kwenye karatasi. Utaratibu ulio salama ni kuchukua namba zinazofanya kazi kutoka kwa R, S na T, mtambo ukiwa umebeba mzigo, kisha kuzilinganisha na faili mstari kwa mstari. Kila tofauti ipate mtu wa kuieleza, na hapo ndipo mstaafu hupigiwa simu. Ishara zilizolazimishwa nazo ziorodheshwe. Huwezi kukosa swichi mbovu ambayo mtu aliiruka kwa muda, na huo muda ukageuka miaka. Mfumo mpya ukipokea swichi hiyo bila kuambiwa, turbini itakataa kuwaka, na itakuwa na haki.

Programu za kugeuza mantiki ya zamani kuwa mpya zipo na husaidia sana. Hata hivyo mpangilio wa utekelezaji unaweza kubadilika: ngazi iliyosomwa kabla ya nyingine sasa inasomwa baada yake, na rilei inayotegemea mpishano wa sehemu ya sekunde inafanya vingine. Hilo hugunduliwa kwa kuigiza uwashaji mzima kiwandani, si kwa kusoma.

Vali ya gesi inahitaji subira kuliko kifaa kingine chochote. Inasukumwa kwa mafuta ya haidroliki, na anayeyaongoza mafuta hayo ni sevo yenye koili tatu, moja kwa kila prosesa. Nyaya za koili moja zikigeuzwa, inavuta kinyume na wenzake. Wenzake wawili wanashinda, vali inafunguka, turbini inawaka, watu wanapeana mikono. Miezi ikipita, prosesa moja kati ya hizo mbili ikifa, inabaki koili moja dhidi ya moja. Springi ya sevo inaifunga vali na mtambo unatripu saa ambayo gridi inauhitaji. Ndiyo maana, gesi ikiwa imefungwa kwa mkono, R peke yake huamrishwa kufungua vali, kisha S peke yake, kisha T peke yake. Kipimo cha mshale huwekwa kwenye shina la vali, na kitambuzi cha mwendo kilinganishwe nacho: takriban volti 0.7 vali ikiwa imefungwa, zikipanda kadiri inavyofunguka.

Kuwasha kunakwenda hatua kwa hatua. Kwanza mota ya kuanzia inazungusha shafti bila gesi. Gurudumu la kupimia kasi lina meno 60, hivyo mapigo kwa sekunde ndiyo mizunguko kwa dakika, na kosa linaonekana papo hapo. Vitufe vya dharura hubonyezwa kimoja kimoja. Moto huwashwa baadaye, kisha kasi kamili bila mzigo, kisha jaribio la kupita kasi, ambapo mtambo lazima ujizime kwenye asilimia 110, yaani 3,300. Mzigo ukianza kupanda, macho yote yako kwenye tofauti za themokapo zile 24.

Kuna jambo ambalo mikataba hulipa aya moja tu. Mark V ililindwa na uzee wake. Mark VIe inaongea Ethaneti, na Ethaneti ina wasikilizaji wengi. Mwaka 2017 programu hasidi iliingia kwenye vidhibiti vya usalama vya Triconex katika kiwanda cha kemikali za petroli nchini Saudi Arabia, na ufunguo wa kidhibiti ulikuwa umeachwa kwenye nafasi ya kuruhusu programu kubadilishwa. Nani anashika ufunguo wa namna hiyo zamu ya usiku ni swali la kujibiwa kabla ya makabidhiano.

Kadi zilizotoka zisiuzwe chakavu. Zile zilizokuwa zikifanya kazi mpaka siku ya mwisho zifungwe kwenye mifuko ya kuzuia umeme tuli, ziandikwe tarehe na nafasi zilizotolewa, zihifadhiwe kwa turbini ya pili ya kituo hichohicho, ambayo zamu yake ya matengenezo makubwa haijafika na bado inaendeshwa na Mark V.