Mchezo wa Kinjeketile na Kweli

Wako wasemao kwamba michezo ya kuigiza ni ya kuchekesha tu. Mimi sikubali. Tazameni Kinjeketile, mchezo alioutunga Ebrahim Hussein, ukapigwa chapa mwaka 1969. Habari zake ni Vita vya Maji Maji, 1905 hata 1907.

Humo maji yaunganisha makabila, lakini hayazuii risasi. Kinjeketile, akiwa kifungoni, atakiwa kukiri kwamba maji yalikuwa uongo. Akataa, asije akawafanya watoto wa kesho wadhani kwamba hata kupigania uhuru kulikuwa kosa.

Hapo kwanza nalimlaumu, kwa maana uongo haujengi taifa. Kisha nikatambua kwamba Wajerumani hawakuitaka kweli, walitaka silaha. Hata hivyo, nasi tulio huru yatupasa kusema yote mawili: maji yalikuwa uongo, umoja ulikuwa kweli.

Mtungaji hakutuamulia, na huo ndio uzuri wa kazi yake. Basi, nasi hapa Kiwalani tuigizapo michezo ya Krismasi, tusiridhike na makofi. Tujiulize: watazamaji wamekwenda nyumbani na swali gani?