Kikinza Kilichoachwa Ndani ya Jiwe

Tochi inayouzwa madukani na vibandani Kimilili, mji wa soko ulio chini ya Mlima Elgon katika Kaunti ya Bungoma, huonekana kuwa chombo kisichohitaji uchambuzi wowote, kwa kuwa sehemu zake ni chache na zinajulikana: mawe, kama Wakenya wengi wanavyoziita betri kavu, swichi, kioo na kitu kinachowaka. Hata hivyo, anayeifungua kwa bisibisi hukuta mambo yanayopingana na mafunzo ya kwanza ya umeme, na hutambua kwamba malalamiko ya kila siku ya watumiaji, yaani kwamba mawe ya bei ghali huiua mapema, kwamba taa zake hufa moja baada ya nyingine, na kwamba ile ya kuchaji hukesha kwenye soketi lakini haifiki usiku wa manane, hayatokani na bahati mbaya. Yote yana mzizi mmoja, nao ni uamuzi wa mtengenezaji kuhusu kipi kiwekwe ndani ya tochi na kipi kiachiwe jiwe, soketi na mtumiaji.

Uamuzi huo ulianza zamani, na alama yake ya kwanza inaonekana kwenye tochi ya bati lililopakwa kromu, ya aina ya Tiger Head kutoka Guangzhou nchini China, ambayo mwili wake una mifuo kwa sababu bati jembamba lililokunjwa hivyo hupata nguvu ya bati nene na pia halitelezi mkononi. Tochi hiyo hubeba mawe mawili makubwa, kila moja likiwa na volti 1.5, kwa hiyo jumla ni volti 3, lakini balbu yake ya kawaida hupigwa chapa ya volti 2.5 na ampia 0.3. Tofauti hiyo ya nusu volti haikutokana na makosa ya kiwandani. Kila jiwe lina ukinzani wa ndani, yaani ugumu ambao kemikali zake zenyewe huuwekea mkondo wa umeme unaopita, na mara tu balbu inapowashwa sehemu ya volti hupotelea humo, na hupotea zaidi kadiri jiwe linavyozeeka. Aliyebuni balbu alihesabu upotevu huo mapema, na kwa njia hiyo jiwe likafanywa kuwa kipande cha sakiti.

Hesabu hiyo ilifaa kwa balbu ya waya, ambayo hujirekebisha yenyewe, kwa kuwa waya unapopata moto ukinzani wake huongezeka na kuuzuia mkondo usipande ovyo. Mambo yalibadilika ilipokuja diodi ya kutoa mwanga, inayojulikana kwa herufi LED, hasa baada ya Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia ya Japani kufanikisha LED ya buluu yenye mwanga mkali mwaka 1993, kwani LED nyeupe za tochi ni za buluu zilizofunikwa kwa unga wa manjano ili rangi hizo mbili zichanganyike na jicho lizione kuwa nyeupe. LED haifuati tabia ya waya: chini ya takriban volti 3 hutoa mwanga hafifu, na ikishapita hapo ongezeko dogo la volti huleta ongezeko kubwa la mkondo, huku joto likizidi kuufungulia mkondo huo njia. Kwa sababu hiyo LED huwekewa kikinza, ambacho mafundi hukiita rezista, yaani kipande kidogo kinachoubana mkondo usizidi kiwango.

Hapa ndipo penye fumbo la kwanza, kwa sababu tochi nyingi za bei nafuu zenye LED tisa na mawe matatu madogo hazina kikinza hicho. Mawe matatu hutoa volti 4.5, nazo LED zinahitaji kama volti 3.2 tu na miliampia 20 kila moja, na kwa mujibu wa hesabu zingepaswa kuungua mara moja. Haziungui kwa sababu jiwe la kawaida la zinki na kaboni lina ukinzani wa ndani wa kutosha kuchukua nafasi ya kikinza. Anayenunua mawe ya alkali, yenye ukinzani mdogo na nguvu nyingi, huwa ameing'oa breki ya tochi yake bila kujua, na hivyo kitu bora kinaharibu kile ambacho kitu hafifu kilikuwa kinakilinda.

Fumbo la taa zinazokufa moja baada ya nyingine lina jibu lililo karibu na hilo. LED zote tisa huunganishwa sambamba, yaani kila moja hupokea volti ileile, ilhali hakuna LED mbili zinazolingana kabisa. Ile inayofunguka kwa volti ndogo zaidi hunyonya mkondo mkubwa kuliko wenzake, hupata joto, hunyonya zaidi na hatimaye hufa, kisha mzigo wake huziangukia zilizobaki. Ukinzani wa ndani hueleza pia desturi ya kuanika mawe juani: joto huharakisha mwendo wa kemikali, ukinzani hupungua, na jiwe lililochoka hupata uhai wa muda mfupi bila kuongezewa nishati yoyote.

Tochi ya kuchaji inayochomekwa ukutani hurudia uamuzi uleule kwa njia ya hatari zaidi. Ndani yake kuna betri ndogo ya risasi na asidi ya volti 4, na kati ya betri hiyo na volti 240 za ukutani hamna transfoma, bali kapasita moja, yaani kifaa kinachopitisha umeme wa kwenda na kurudi kwa kiasi maalumu. Kapasita ya mikrofaradi 1, kwa umeme wa Kenya wa mizunguko 50 kwa sekunde, hupitisha takriban miliampia 75 tu, na ndiyo maana kuchaji huchukua usiku kucha. Hata hivyo, kapasita haitenganishi tochi na umeme wa ukutani, kwa hiyo sehemu yoyote ya chuma iliyo wazi inaweza kuwa na umeme wa kuua wakati tochi imechomekwa. Aidha, mara nyingi hamna kitu kinachosimamisha chaji betri inapojaa, wala kinachoikata inapokaribia kuisha, ilhali betri ya risasi inayoachwa tupu hujenga fuwele za salfeti ambazo haziyeyuki tena kwa urahisi, na uwezo wake hupungua kila inapoishiwa kabisa.

Soketi nayo imepewa kazi isiyo yake. Soketi ya Kenya ina matundu matatu ya mstatili na vifuniko vya ndani vinavyofunguliwa na mguu mrefu wa juu wa plagi, ili mtoto asiweze kuingiza msumari. Tochi nyingi huja na miguu miwili tu, na mtumiaji hulazimika kusukuma kalamu au kijiti kwenye tundu la juu ili vifuniko vifunguke, hivi kwamba kinga iliyobuniwa kwa makusudi huvunjwa kila jioni ili taa ipate chaji.

Ukosefu wa elimu hautoshi kuwa maelezo ya haya, kwa kuwa mfano wa kinyume umekuwa mifukoni mwa watu kwa miaka mingi. Nokia 1100 ya mwaka 2003, moja ya simu zilizofanya jina la "mulika mwizi" lienee, ilikuwa na taa ndogo isiyotisha, iliyotumia betri ya lithiamu yenye volti zinazokaribia zile ambazo LED inazihitaji, ndani ya chombo kinachojizima chenyewe kabla betri haijadhurika. Utafiti wa Jennifer Tracy, Arne Jacobson na Evan Mills uliotolewa mwaka 2010 kuhusu tochi za LED nchini Kenya, kwa upande mwingine, uliwakuta watumiaji walio wengi wakiwa wamepatwa na hitilafu ndani ya miezi 6.

Linabaki swali la kwa nini kikinza hakiongezwi. Hesabu yake ni nyepesi: volti 1.3 zinazozidi, zikigawanywa kwa ampia 0.18 za LED tisa, hutoa takriban omu 7, na kikinza cha omu 6.8 kinaweza kutolewa kwenye redio mbovu na kuunganishwa na fundi yeyote wa redio kwa dakika chache. Kinachozuia ni kaunta ya duka. Mnunuzi huijaribu tochi kwa kuielekeza darini kwa sekunde mbili, akilinganisha na iliyo kando yake, na mwanga mkali unaoelekea ubuluu humvutia kuliko mwanga tulivu. Miezi ambayo tochi itadumu haiwezi kupimwa hapo. Tochi yenye kikinza ingewekwa kwenye kaunta hiyohiyo ingeonekana imefifia kuliko jirani yake, na ingerudishwa rafuni kwa sababu ya kile hasa kilichoifanya idumu.