Kisanduku Kilichopanda Saiq

Anayeiona Skyvan mara ya kwanza hudhani mafundi waliiacha kabla ya kuimaliza. Tumbo lake ni sanduku la pembe nne, pua ni butu, mkia una mapezi mawili kama milango iliyoachwa wazi, na magurudumu hayakunjwi hata ikiwa angani. Waingereza waliipa jina la kisanduku cha viatu. Ilitengenezwa Belfast na kampuni ya Short Brothers, ikaruka mara ya kwanza tarehe 17 Januari 1963. Jeshi la anga la Sultani wa Oman lilianza kuzipokea mwaka 1970 na mwishowe likawa nazo 16. Hakuna jeshi jingine duniani lililozinunua kwa wingi huo.

Habari zake husimuliwa zaidi kwa upande wa Dhofar, kusini mwa Oman, kwa sababu ya vita vilivyopiganwa huko. Mimi leo nataka kuitazama kwa upande wa bara, milima ya Dakhiliya na tambarare za Sharqiya, kwa kuwa huko ndiko ubora wa umbo lake unakoonekana wazi zaidi.

Mwaka 1970 barabara ya lami katika Oman nzima haikuzidi takriban kilomita 10. Wenzetu waliorudi kutoka Unguja na Pemba miaka ile, wakielekea Ibra au Nizwa kwa jamaa zao, walipita ndani ya wadi juu ya kokoto, na mvua ikinyesha jabalini njia yenyewe hugeuka mto. Kwa nchi ya namna hiyo, ndege inayotua juu ya udongo ulioshindiliwa ina thamani kuliko ndege iendayo kasi.

Tuanze na tumbo. Upana wake ni karibu mita 2 na kimo chake ni karibu mita 2, tangu mbele mpaka nyuma, na mlango wa nyuma hufunguka kwa upana wote. Ndege nyingi za mizigo za umri wake zilikuwa mviringo ndani na mlango ubavuni, kwa hiyo pipa au jenereta lilipaswa kuinuliwa, kugeuzwa, kisha kusukumwa kwenye kona. Kwa Skyvan lori linarudi kinyumenyume, mzigo unateleza moja kwa moja, basi. Watu wanne wenye nguvu wanatosha pasipo winchi. Hubeba karibu tani 2, au askari 22, au wagonjwa 12 kwenye machela, na mlango ule ule unaweza kufunguliwa angani ili mzigo ushuke kwa mwavuli.

Lakini sanduku halitelezi hewani vizuri. Dawa yake ilikuwa bawa refu jembamba, karibu mita 20 kutoka ncha hadi ncha, likiwa limeshikiliwa na nguzo chini yake. Fikra hiyo ilitoka kwa Hurel-Dubois wa Ufaransa, ikajaribiwa Uingereza na kampuni ya Miles, na Short wakainunua pamoja na matokeo ya majaribio. Bawa la namna hiyo hubeba uzito mkubwa kwa mwendo mdogo. Ndege inayotua polepole inahitaji kiwanja kifupi, na kiwanja kifupi ndicho watu wa kijiji wanaweza kukisafisha mawe wenyewe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona halipewi haki yake, nalo ni joto. Skyvan za awali zilifungwa injini za Astazou za Ufaransa. Zikaonekana kupungukiwa nguvu penye hewa ya moto na penye mwinuko, ndipo waundaji wakabadili na kuweka Garrett TPE331 za Marekani, nguvu farasi 715 kila moja. Toleo hilo la tatu liliruka tarehe 15 Desemba 1967. Bila mabadiliko hayo sidhani kama Oman ingeitazama mara mbili.

Chukua Saiq, juu ya Jabal Akhdar, karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Siku yenye nyuzi 30 hapo, kwa hesabu, hewa ina robo tatu tu ya uzito wa hewa ya kawaida ya pwani. Bawa hupata kitu kidogo cha kushika, kwa hiyo ndege lazima ikimbie karibu asilimia 16 zaidi kabla ya kuinuka. Kwa kuwa umbali hukua kwa mraba wa mwendo, njia ya kurukia inarefuka kwa theluthi nzima, na hapo bado hatujahesabu nguvu ambayo injini yenyewe inapoteza. Rubani ana mawili: apunguze mzigo, au asubiri alfajiri ya kesho.

Kwenye kutua, Garrett ina sifa nyingine. Shafti yake ni moja kutoka turbini hadi pangaboi, inazunguka karibu kwa kasi ile ile wakati wote, na nguvu hubadilika kwa kugeuza pembe ya panga. Rubani akivuta wenzo, panga hugeuka na kuisukuma ndege nyuma papo hapo. Gharama yake ni kelele. Hata ikiwa imesimama inapiga mluzi mkali unaopenya mikono iliyoziba masikio. Tena lazima rubani auachie wenzo kabla ndege haijapoa mwendo kabisa, maana vumbi linalosukumwa mbele litaipita ndege, limfumbe macho, na kokoto zitakwangua panga.

Baadaye baadhi ya Skyvan hizo zilifungwa rada zikapewa kazi ya kuchunga bahari, na lami ikafika bara: kwanza Nizwa, kisha Ibra na Sur. Saiq ilichelewa kuliko zote. Leo barabara inapanda kutoka Birkat al Mawz, na kwenye kizuizi cha chini askari bado hurudisha kila gari lisilovuta kwa magurudumu manne.